Usichomoe Kabla Sijajibu

Himo, Jumapili jioni

Manka mwanangu,

Barua huanza kwa kuulizana hali. Yako naisikia hapa nilipokaa: uko chumba cha pili, unakunja nguo, unazikunjua, unazikunja upya, na begi ni lile lile dogo. Yangu unaijua. Mgongo, mkono, na huu ulimi ambao baba yako alisema ungeweza kuchaji betri bila chaja. Basi tuyaache hayo.

Kesho asubuhi unapanda basi la Mwanza, unakwenda kwenye kazi yako ya boti. Wiki nzima nimejaribu kukuambia jambo moja, na kila nikifungua mdomo linatoka jingine. Umebeba sweta? Umemuaga padre? Mdomo wangu umezoea kupiga kelele hapa njia panda, kwenye kibanda chetu cha kuchaji betri, haujui tena kusema jambo la taratibu, ndiyo maana nimeomba kalamu. Barua hii nitaiweka juu ya begi lako. Isome kabla hujatoka mlangoni, si ndani ya basi. Sababu utaiona.

Habari za kula, kuvaa, kusali na wanaume sitaziandika. Nimezisema tangu ukiwa mdogo mpaka ukawa unanimalizia maneno. Wala sitakudanganya kwamba nina furaha. Tangu Ijumaa majirani wanapita hapa na ndizi, na kila mmoja wimbo wake ni ule ule: "Hongera, Mama Manka! Mtoto amepata kazi ya kompyuta!" Nami nawajibu, aika, asante sana. Moyoni najiuliza, kompyuta gani inayokaa juu ya maji? Wewe umezaliwa mlimani. Maji mengi uliyowahi kusimama ndani yake ni ya mfongo, mfereji wetu wa kumwagilia migomba, na hayo hayakupiti magoti. Hujui kuogelea. Mimi sijui. Ukoo mzima, wa baba na wa mama, hakuna anayejua. Naogopa, Manka, na sioni aibu kuliandika hilo.

Uliporudi kutoka kule kufanyiwa majaribio, ulinieleza kazi yenyewe. Wataalamu wanapima kina cha ziwa na joto la maji, na kila wanachopima kinaingia kwenye kompyuta ndogo iliyofungwa chini ya benchi. Hiyo hiyo ndiyo inayomwonyesha nahodha miamba ilipo, giza likiwakuta bado mbali na nchi kavu. Wewe ndiye utakayeilea: kuiwasha, kuilisha umeme, kuilaza. Ukaniambia nahodha ana tabia moja: boti ikigusa gati tu, anakata swichi kuu bila kumuuliza mtu, anaona anaokoa betri. Ulikuwa unacheka unaposimulia. Mimi sikucheka, na uliniona sikucheka, ukadhani nimechoka.

Unajua sikusoma umeme. Ninachokijua nimekijua kwa kuungua. Sasa sikiliza kidogo, hapa nasema kama fundi, mama yako ninamweka pembeni. Injini inapowashwa inakunywa umeme kwa mkupuo mmoja, taa zote zinafifia. Taa ikififia inarudi, lakini kompyuta inakata roho. Iombee betri yake yenyewe, tofauti na ile ya kuwashia injini. Wakikuambia betri ni moja tu, maana watakuambia hivyo, acha injini iungurume kwanza ndipo uiwashe kompyuta. Mkimaliza kazi, kompyuta itangulie kulala, injini ifuate. Waya mwekundu uwekewe fyuzi karibu kabisa na betri. Betri yenyewe ifungwe kwa mkanda isicheze na mawimbi, na isifungiwe kwenye sanduku lisilopitisha hewa, kwa sababu ile hewa inayotoka betri ikichajiwa inatafuta cheche tu. Inveta, ile ya kugeuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani, usiiache inaguna usiku kucha bila kazi. Na usikubali betri inyonywe mpaka tone la mwisho ati kwa kuwa bado inawaka. Betri iliyonyonywa hivyo mara nyingi ni kama mtu aliyefiwa mara nyingi: ukiipa umeme inapokea, lakini haishiki.

Haya. Nilisema sitoi maagizo, na nimetoa. Fundi amemaliza, mama anarudi.

Unaikumbuka kompyuta yetu. Ulikuwa umetoka kwenye mafunzo ya Njoro, umevimba kichwa, ukasema, "Mama, hapa njia panda watu wanahitaji kuchapiwa barua na mitihani. Betri peke yake hazitatutoa." Tukainunua ya mtumba, ukaiweka kwenye kona ya kibanda. Umeme ulikuwa unakatika unapotaka wenyewe, tukawa tunaiendesha kwa betri za malori kupitia inveta. Na kwa kuwa betri yetu ilikuwa imechoka, nilikuwa naazima za wateja zilizokwisha kujaa, zinazosubiri wenyewe. Kila mtu mwenye kibanda cha kuchaji anafanya hivyo, na kila mmoja ukimuuliza anaapa kwamba hajawahi.

Siku ile ulikuwa umetoka kwenda kununua karatasi. Meku Ladislaus, yule mzee wa kule juu, akaingia anahema, baiskeli ameiegemeza nje.

"Mama Manka, betri yangu."

"Shikamoo, meku. Imejaa, ila..."

"Marahaba. Ila nini? Mpira unaanza! Nyumba imejaa watu mpaka kwa ng'ombe, na televisheni iko giza."

Betri yake ilikuwa chini ya meza yako. Nilitazama kioo cha kompyuta. Kilikuwa kinawaka, hakuna anayekigusa, nikaona kimepumzika. Nikachomoa vibanio, nikamfungia meku betri yake kwenye kerea ya baiskeli, akasema aika, akapanda mlima na betri yake. Nilijiona mwanamke hodari wa biashara.

Uliporudi ulitazama kioo, ukainama ukatazama chini ya meza. Nilitegemea upige kelele, ningejua la kujibu. Hukupiga. Ulisema tu, "Mama, ilikuwa bado inaandika." Ulikuwa umeiacha inahifadhi mitihani yote ya ile shule ya kule juu, kazi ya usiku na mchana. Fundi wa Njoro aliigonga, akaisikiliza kwa sikio kama daktari, akasema diski imekwaruzika, haitasoma tena. Shule ikapeleka kazi yake kwingine. Kompyuta unaiona ilipo mpaka leo: juu yake napangia madumu ya maji ya betri.

Jioni ile ulinieleza neno ambalo sijalisahau. Ulisema kompyuta haikatwi, inaombwa izime. Unaiambia kwamba unataka kuizima. Inamaliza iliyokuwa ikiandika, inafunga vitu vyake kimoja kimoja, ile taa ndogo inaacha kupepesa, halafu inajizima yenyewe. Hapo ndipo mtu anakata umeme. Nilikukaripia, nikasema kumbe nimenunua mfalme. Nilikukaripia kwa sababu maneno hayo nilikuwa nimeyasikia zamani, kwa mtu mwingine, na sikuwa tayari kuyasikia tena.

Baba yako alikulia kwenye zamu za mfongo, kule kihambani kwao Kilema, kwenye shamba la ukoo la migomba na kahawa. Wewe umeukuta mfongo umeshakauka nusu, hukuiona desturi yenyewe ikiwa na nguvu. Maji yanakwenda kwa zamu, kutoka kihamba hadi kihamba. Zamu ya mtu ikifika, anapanda juu kugeuza lango, lile la udongo na magome ya migomba, na akiligeuza, wa chini anakaukiwa palepale. Sasa wa chini anaweza kuwa katikati ya kazi. Labda tuta la maharage limelowa nusu, labda mama anaosha mtoto. Kwa hiyo hufungi kimya kimya. Unapiga ukelele, "Nafunga!" halafu unasimama. Wa chini anamaliza alichoshika, anajibu, "Funga!" Ndipo unafunga. Asiyejibiwa hafungi. Watu waliwahi kukosana miaka kwa sababu ya mmoja aliyefunga bila kujibiwa, mpaka mkosaji alipopeleka jani la sale, mmea wetu wa amani, kuomba radhi.

Baba yako alipofungua kibanda hiki alikuja na desturi hiyo. Chaja ikiwa inafanya kazi na mtu mwingine ameshika vibanio, ukikata au ukivuta ovyo unapata cheche, na cheche juu ya betri inayochemka ni msiba. Kwa hiyo yeye mkono kwenye swichi, anaita, "Mama Manka, nazima!" Mimi popote nilipo, nikiwa nachambua mboga, nikiwa nabishana na mteja, naacha mkono wangu mahali salama, najibu, "Zima!" Utingo wa malori yanayosimama hapa walilijua. Wakawa wanatuitikia kutoka barabarani, "Zimaaa!" na baba yako anacheka, lakini hazimi mpaka asikie sauti yangu.

Halafu kahawa ikaharibika. Sisemi mibuni. Mibuni ilikuwa inazaa kama kawaida. Wanunuzi wapya walikuja kila mmoja na mizani yake, wakasema soko ni huru, na bei waliyotaja ilikuwa tusi. Wengine waling'oa wakapanda nyanya. Baba yako akasema anakwenda Mererani, migodini, kutafuta mawe ya thamani. Nikasema usiende. Akasema watu wanapata. Nikasema wanaopata wanasimuliwa kwa sababu ni wachache. Tuligombana hivyo mpaka maneno yakaisha, tukabaki tunagombana kwa kuweka sufuria chini kwa nguvu.

Asubuhi aliyoondoka ulikuwepo. Ulikuwa na sare ya shule na uji mkononi. Nami nilikuwa kwenye kigoda, napembua maharage. Chaja ilikuwa inaunguruma na betri zimepangwa. Akaweka mfuko wake mlangoni, akaweka mkono kwenye swichi.

"Mama Manka, nazima."

Nikaendelea kupembua.

"Mama Manka. Nazima."

Nilifikiri nisipojibu hataweza kwenda. Ndivyo nilivyofikiri, mwanangu, kweli kabisa, kama mtoto mdogo anayefumba macho ili asionekane. Asiyejibiwa hafungi, si ndiyo desturi yao? Wewe ulifungua mdomo unijibie, nikakutupia jicho, ukaufunga. Akangoja. Nakumbuka vidole vyake kwenye swichi. Kisha akautoa mkono bila kuzima, akachukua mfuko, akatoka. Hakuivunja desturi mpaka mwisho. Aliniachia chaja inawaka.

Niliiacha iwake mchana kutwa kwa hasira. Betri zikachemka, kibanda kikanuka, wateja wakanionya. Jioni nikaenda nikavuta kibanio umeme ukiwa bado unapita. Unalijua kovu la mkono huu, wewe ndiye uliyenimwagia maji ukilia. Watu huuliza kama ni asidi. Nasema ndiyo, ni asidi.

Mwanzoni zilikuja salamu kwa madereva. Kisha zikaja salamu za mtu aliyesikia salamu. Kisha kimya. Mmoja alisema amemwona Nairobi amenenepa. Mwingine alisema shimo lao liliingia maji. Shemeji zangu wamekuja mara nyingi kuniambia tutenge mahali kihambani, tupande masale hata kama mwenyewe hayupo, apate pa kukumbukwa. Nimewafukuza kila mara. Nilisema masale hupandwa alipolala mtu, na huyu hajalala. Ukweli ni kwamba bado ninamsikia pale mlangoni anaita, na mimi bado sijajibu.

Sasa wewe.

Sina tumaini kwamba utarudi, Manka. Nisamehe kwa kuliandika waziwazi namna hii. Nimekaa Himo ujana wangu wote. Nimeona watu wanaoshuka hapa na mabegi wakienda, na nimeona wanaoshuka wakirudi, na hawalingani. Najua itakavyokuwa. Desemba ya kwanza utakuja. Mlima mzima utakuwa umejaa waliorudi kwao, kila kihamba kina mbuzi na pombe ya mbege, nawe utakuja na vitenge vya Mwanza, nitajidai navyo kanisani. Desemba itakayofuata utasema boti haina likizo, utatuma sukari. Baadaye itakuwa simu kwa jirani: "Mwambieni mama Krismasi njema." Sikusemi vibaya. Ndivyo watu wanavyokwisha, na wala hawakusudii.

Na hiyo kazi yenyewe siiamini. Miradi ya wataalamu naijua. Inakuja na magari meupe, inaondoka na magari meupe. Boti itauzwa, kompyuta itapelekwa ofisini kuwekwa maua juu yake. Na ziwa ndilo siliamini kabisa. Ziwa haliiti, halingoji mtu amalize. Juu ya hilo sina ushauri wala sala mpya, ninazo zile zile za zamani ambazo hazikumsaidia baba yako.

Lakini nahodha ni mtu. Huyo mfundishe. Usimwogope kwa sababu ya ndevu zake na miaka yake majini. Mwambie, baba, shikamoo, kabla hujakata swichi, niite. Sema unazima. Ningoje nijibu. Atakucheka, na wenzake watakucheka, kama utingo walivyotucheka sisi. Wacha wacheke, mradi wasubiri.

Mimi nami nina ombi langu, na ndilo lililonishinda kusema wiki nzima. Sikuombi urudi. Nikikuomba hilo nitakuwa nimekaa tena kwenye kigoda kile, nanyamaza ili mtu asiende. Nakuomba usichomoe tu. Siku ukiona kwamba hurudi, kwa sababu umepata mtu, au umepata mji, au umenichoka, na kuchoka nako ni haki ya mtu, piga simu kwa jirani waniite. Sema, "Mama, nazima." Halafu usikate. Nitakaa kimya kidogo. Usidhani nimekasirika. Kutakuwa na kitu ambacho bado ninakiandika: sahani yako ya Desemba, kitanda chako, jina ulilotaka kumpa mtoto wako. Niache nikimalize. Nitakujibu.

Jumamosi nitapanda mlima kwenda Kilema na miche ya masale. Nimekwisha kumwambia shemeji achimbe. Baba yako amesimama pale mlangoni vya kutosha, na nimechoka kumsimamisha.

Kesho asubuhi utanikuta kwenye kigoda, napembua maharage. Usishangae, mikono yangu haijui kukaa bure siku kama hizo. Chaja nitaiacha inaunguruma kwa makusudi. Weka begi lako mlangoni, weka mkono kwenye swichi, uniite kama baba yako alivyokuwa akiniita. Usinitazame usoni. Sauti ikichelewa, ngoja, haijakatika, inamaliza tu. Ukinisikia nimesema "Zima," zima, uende, na usigeuke nyuma.

Vibanio nitavitoa mwenyewe. Cheusi kwanza.

Mama yako